Zipu Mgongoni

Mwezi wa Julai, saa kumi na moja alfajiri, nje ya soko la Muthurwa upande wa barabara ya Landhies, wanaume wazima huvaa makoti kinyume. Mikono hutangulizwa mbele kama ya daktari anayevishwa gauni la upasuaji, kola inapanda hadi kidevuni, mgongo wa koti unatua kifuani, na zipu inabaki huko nyuma. Wakishamaliza wanafunga mizigo kwa mipira ya tyubu kuukuu, wanasukuma baiskeli hatua tatu nne, wanadandia na kutokomea kuelekea Jogoo Road.

Mkazi wa Nairobi hatageuza shingo kuwatazama. Waendesha bodaboda huvaa hivyo tangu zamani, na sababu yao inajulikana: upepo hupenya kwenye zipu, na zipu ikihamishiwa nyuma, kifua kinapata ukuta usio na ufa. Kilichonikwama mimi akilini ni kitu kidogo zaidi. Wa bodaboda akipata mwenzake humwomba amfungie zipu ile mgongoni. Wa baiskeli huiacha wazi kwa makusudi, kuanzia shingoni hadi kiunoni, na asubuhi ya nyuzi 11 mgongo wake unabaki na vitambaa viwili vyembamba tu. Mtu anayekimbia baridi, mbona aiachie mlango wa nyuma?

Swali hilo nililiuliza kwa wauza chai na wasukuma mikokoteni, na wote wakanielekeza kwa mzee mmoja anayesafirisha viazi, vitunguu na kabichi kutoka Muthurwa na Marikiti hadi kwenye vibanda vya Makadara na Donholm. Baiskeli yake ni Black Mamba, ile nzito ya chuma yenye kiti cha springi. Ameiendesha kwenye njia hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Jina lake hakutaka niliandike. “Baiskeli yangu inajulikana, dada. Jina ni la nini?”

Nilimsalimu shikamoo, akacheka, maana Muthurwa ni wachache wanaoitumia, kisha akaanza somo bila kuombwa mara ya pili.

“Watu wanafikiri baridi inatoka nje,” alisema. “Baridi unaibeba wewe mwenyewe. Inaitwa jasho.”

Akageuka kunionyesha mgongo. Alikuwa amerudi kutoka safari fupi ya kupeleka magunia mawili hadi karibu na uwanja wa City Stadium, na chini ya taa ndefu ya mulika mwizi mvuke mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka kwenye sweta yake, pale koti lilipoachana. Mbele, koti la nailoni lilikuwa kavu na baridi kama lilivyotoka nyumbani. Nyuma, mwili ulikuwa ukipumua.

Ukilitafakari, jambo hili lina hesabu safi. Misuli ya binadamu hugeuza takriban robo tu ya nguvu inayotumia kuwa mwendo. Robo tatu zinazobaki huwa joto, na joto hilo lazima litafute njia. Mtu anayekanyaga pedali akiwa na gunia la viazi nyuma yake ni jiko linalotembea. Akijifunga koti lisilopitisha hewa pande zote, jasho halina pa kwenda, linalowesha nguo za ndani, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa tulivu. Mzee hana haja ya tarakimu hiyo. Anasema hivi: “Baridi haikushiki ukienda. Inakushika ukisimama kwa mama mboga kuhesabu pesa.”

Ndiyo maana koti lake lina zamu mbili. Akiwa mwendoni, zipu iko nyuma na wazi: kifua kinakata upepo, mgongo unatoa mvuke. Akifika kwenye kibanda, kabla hata ya kufungua mipira ya mzigo, analivua, analigeuza na kulivaa kama watu wengine, zipu mbele, imefungwa hadi shingoni. Sasa hazalishi tena joto jingi, kwa hiyo anafunga mlango. Mzigo ukishashuka na pesa zikihesabiwa, analigeuza tena na kuondoka. Nilimtazama akifanya hivyo mara kadhaa asubuhi moja. Inamchukua muda mfupi kuliko wengi wetu tunavyochukua kutafuta funguo mfukoni.

Watengenezaji wa nguo za baiskeli huko Ulaya huuza wazo hilohilo likiwa limeshonwa tayari. Vizibao na makoti yao mengi ya msimu wa baridi yana kitambaa cha kuzuia upepo mbele na wavu au kitambaa chepesi mgongoni. Tofauti ni kwamba vazi la kiwandani halina zamu ya pili. La mzee linageuka.

Nguo zote za mzee zinatoka soko la mitumba la Gikomba, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Muthurwa. Gikomba sihitaji kuwaelezea. Muthurwa nayo mnaijua: nyumba za reli walizojengewa wafanyakazi Waafrika enzi za ukoloni, soko la wachuuzi lililofunguliwa 2008, stendi ya matatu, na ule mvutano wa wapangaji na mfuko wa pensheni wa Shirika la Reli ulioanza kuwaka 2010 hadi Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2013 kwamba haki zao zilikiukwa. Baba yake mzee huyu alikuwa mtu wa reli. Alimwachia mwanawe koti zito la sufu la zamu ya usiku, na koti hilo ndilo lililomfundisha mwanawe somo la kwanza. “Lilikuwa joto kama kitanda. Nikafika Makadara nimelowa chapachapa, nikatetemeka hadi saa nne. Koti la kusimama si koti la kukanyaga.”

Kuanzia hapo akaacha kutafuta nguo nzito, akaanza kutafuta nguo tofauti. Huvaa tatu, kila moja na kazi yake.

Inayogusa ngozi ni jezi ya mpira. Si kwa ushabiki. Jezi za siku hizi hushonwa kwa poliesta, na poliesta hainywi maji: huyapitisha hadi upande wa nje ambako hukauka. Pamba hufanya kinyume, huyanywa na kuyashikilia. Kwa hiyo fulana ya pamba, ambayo wengi wetu huivaa ya kwanza tukidhani ndiyo ya joto, yeye haivai kabisa akiwa safarini. Huibeba imefungwa kwenye karatasi ya mkate, ikavaliwa kavu kazi ikiisha. Jezi yenyewe ana namna ya kuipata kwa bei ya kutupa: anachagua ya mchezaji aliyekwisha kuhama klabu. “Jina likiwa mgongoni la mtu aliyeondoka, vijana hawaigusi. Mimi natoa hamsini. Jasho halijui nani amehama.”

Ya pili ni sweta nyembamba ya sufu. Hapa ndipo anapotumia muda mwingi, na hapa ndipo nilipoanza kumwonea wivu. Gikomba, robota likifunguliwa, nguo za kwanza na nzuri huitwa kamera. Zinazobaki baada ya wateja kupekua huitwa fagia. Mzee hupekua fagia, kwa sababu sweta nyembamba ya sufu haina sura. Haina rangi ya kuvutia, imechakaa kiwikoni, pengine nondo ameionja. Muuzaji anayepanga bei kwa macho huipita. Sweta nene ya uzi wa akriliki, yenye maua kifuani, ndiyo hupandishwa kwenye hanga.

Vidole vyake ndivyo vinavyosoma. Kwanza hukunja kitambaa ndani ya ngumi, hukibana, kisha hukiachia: sufu hurudi ilivyokuwa, pamba hubaki na mikunjo. Pili huchovya kidole kwenye chupa yake ya maji na kudondosha tone moja. Kwenye sufu tone hukaa juu kwa muda, kwenye pamba huzama mara moja. Tatu hugeuza lebo kutafuta ile alama ya uzi uliozungushwa, ambayo dunia ya sufu imeitumia tangu 1964. Nne hunusa kwapa, bila aibu, mbele za watu. “Sufu haikai na harufu ya mwenyewe. Plastiki inakaa nayo hata ukiifua mara saba.”

Kuna jaribio la tano, la kuchoma uzi: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na hujizima yenyewe, pamba huwaka kama karatasi, na nyuzi za plastiki huyeyuka zikaacha tone gumu. Hilo hulifanyia nyumbani. Gikomba imeungua mara nyingi mno, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15. “Ukiwasha kiberiti pale watu watakuua, na watakuwa na haki,” alisema, na safari hii hakucheka.

Kwa nini sufu, na si akriliki yenye maua? Kwa sababu sufu inaweza kunyonya unyevu unaofikia takriban theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi imelowa, na hata ikiwa na unyevu bado inahifadhi hewa katikati ya nyuzi zake. Hewa hiyo iliyotulia ndiyo joto lenyewe. Nguo haitoi joto. Inazuia hewa iliyopashwa na mwili isipeperushwe. Ndiyo maana nguo mbili nyembamba, zenye nafasi kati yake, mara nyingi huishinda moja nene. Tena nyembamba huvuliwa moja moja jua linapochomoza. Nene ina maneno mawili tu: ndiyo au hapana.

Ya tatu ni koti la nailoni, lile la zipu mgongoni. Jaribio lake ni la mdomo. Mzee huweka kitambaa kwenye midomo, huweka kiganja upande wa pili, kisha hupuliza kwa nguvu. Kiganja kikihisi pumzi, koti linarudi kwenye rundo. Kisha hulikung'uta karibu na sikio; likifanya kelele ya karatasi ngumu analikataa, kwa sababu limepakwa plastiki ndani na litampika. Anataka lile jepesi linaloingia lote kwenye mfuko wa suruali. Muuzaji akiona mtu mzima anabusu makoti humdhania wazimu, na mtu anayedhaniwa wazimu, anasema, huuziwa kwa bei nzuri.

Halafu kuna vitu vidogo. Soksi ndefu za mpira, zilizokatwa sehemu ya wayo, huvaliwa mikononi kutoka kifundo hadi juu ya kiwiko, chini ya koti. Zikizidi joto hushushwa bila kusimamisha baiskeli. Waendeshaji wa mashindano wana vazi kama hilo, la kununua dukani. Boshori yake ni nyembamba, ya kuziba masikio tu, kwa sababu kichwa kikifungwa mno jasho hushuka machoni. Viatuni, katikati ya soksi mbili, huweka karatasi ya mkate asubuhi za manyunyu. Zamani ilikuwa mifuko ya juala, lakini tangu marufuku ya Agosti 2017 mkate ndio uliobaki umevaa plastiki.

Na magazeti? Nilimuuliza kwa sababu za kibinafsi, kama mtu anayekula kwa kalamu. Waendesha baiskeli wa Tour de France kwa miaka mingi walipokea magazeti kutoka kwa mashabiki vileleni mwa milima, wakayasukuma ndani ya jezi kukinga kifua kabla ya kuteremka kwa kasi. Mzee naye aliwahi kufanya hivyo. Aliacha. “Gazeti likilowa linakuwa uji. Siku hizi nalilaza ndani ya viatu usiku, linakunywa maji, asubuhi viatu vimekauka.” Basi kurasa hizi nazo zina mwisho wake mwema.

Kuna sheria moja anayoirudia kwa kila kijana anayeanza kazi hiyo, nayo ni ngumu kuliko zote: ukiondoka, lazima uhisi baridi kidogo. Ukiwa na joto zuri pale langoni Muthurwa, umevaa kupita kiasi, na ukifika kwenye kanisa la kwanza barabarani utakuwa umeanza kulowa. Vijana hawaamini. Wanavaa hudi nene ya pamba juu ya fulana ya pamba, wanalifunga koti juu yake, na kwenye kibanda cha kwanza meno yanagongana. “Nawaacha wiki moja,” alisema. “Ya pili wanakuja wenyewe kuuliza.”

Kipimo chake cha pili ni saa. Wengi hudhani usiku wa manane ndio mbaya. Yeye anaogopa saa kumi na mbili, na yuko sahihi: ardhi huendelea kupoteza joto usiku kucha, hivyo baridi kali zaidi huja karibu na jua kuchomoza, hasa anga likiwa safi. Mawingu mazito ya Julai hupunguza kidogo makali ya alfajiri, kisha yanazuia jua mchana kutwa, na ndiyo maana mwezi huo watu hulalamika hadi saa nane. Juu ya hapo kuna upepo anaoutengeneza mwenyewe. Kwa hesabu za wataalamu wa hali ya hewa, nyuzi 10 mbele ya upepo wa kilomita 20 kwa saa huhisiwa na uso kama nyuzi 7. Kasi hiyo ni ya kawaida kwa Black Mamba ikiwa tupu.

Wanaopanda hadi Limuru wana baridi zaidi ya hiyo. Mji ule uko juu ya mita 2,200, na kila mita 100 unazopanda huondoa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Ni vilima vya upande huo, kuanzia Kikuyu, ambako mwendesha baiskeli David Kinjah aliwakusanya vijana wa kijiji cha Mai-a-Ihii kuwafunza mchezo huo, na miongoni mwao akawamo mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome, aliyekuja kutwaa Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Nilipomtajia mzee majina hayo aliyajua. “Kinjah ni mtu wa kweli,” alisema. “Lakini wale huenda juu wakarudi. Mimi nikienda kuna mtu anangoja kabichi.”

Kuna mambo hatukukubaliana. Mzee anaamini upepo wa kifua huleta nimonia, na hiyo ndiyo sababu yake ya kwanza ya kugeuza koti. Hesabu ya jasho ilikuja baadaye. Nilimwambia madaktari husema nimonia hutokana na bakteria, virusi na kuvu. Alinisikiliza kwa adabu. “Daktari ana gari, dada.” Nilitaka kuendelea, lori likapita likitema moshi mweusi, sote wawili tukafunika pua, na mjadala ukafia hapo. Moshi huo anauvuta kila asubuhi kwa saa nzima, na hakuna vazi Gikomba linalouzuia.

La pili lilinitia wasiwasi zaidi. Koti likigeuzwa, mistari inayong'aa ambayo makoti mengi huwa nayo mgongoni huhamia kifuani. Anayeiona ni anayemkabili. Dereva wa matatu anayemjia kwa nyuma gizani huona sweta ya rangi iliyofifia na gunia. Jogoo Road si barabara ya kusamehe. Nilimuuliza kama ana reflekta. Alikuwa nayo, ikaibiwa kwenye baiskeli akiwa anashusha mzigo. Atanunua nyingine? Alitazama gurudumu, akalibonyeza kwa kidole gumba kupima upepo. “Nikipata.” Koti la kiwandani linaloshonwa na wavu mgongoni hushonewa pia ukanda unaong'aa juu ya wavu huo. Hilo la kukinga uhai, ujanja wa kugeuza koti haujalitatua, na sioni kwa nini liwe jukumu la mwenye jezi ya hamsini peke yake. Barabara ni ya nani saa kumi na moja alfajiri, wakati chakula cha mtaa kinapita juu ya magurudumu mawili?

Siku ya mwisho tuliyoonana nilimsomea sehemu za makala haya kwa sauti kutoka kwenye daftari langu lenye mwandiko wa haraka. Alirekebisha mambo mawili: nilikuwa nimeandika kwamba hunusa kola, kumbe ni kwapa, na nilikuwa nimesahau soksi za mikononi. Kisha akauliza kama nitataja kibanda anakonunua sweta zake. Nikamwambia hapana.

“Lakini utaandika sufu?”

Nitaandika.

“Na tone la maji?”

Nalo.

Akatikisa kichwa. “Basi wauzaji watasoma. Wiki ijayo sweta ya hamsini itakuwa mia tatu, itapandishwa kwenye hanga, itaitwa kamera. Mimi nitavaa nini Julai ijayo?”

Sikuwa na jibu, na sina hadi sasa. Marobota yanatoka kwenye nchi ambazo baridi yake inaua, yanapita mikono mingi kabla ya kufika Gikomba, na kila mkono unaojua thamani ya kilichomo huongeza bei. Mzee huyu ameishi kwenye pengo dogo la watu wasiojua. Nimeandika hata hivyo, kwa sababu kuna vijana kwenye lango lile wanaotetemeka ndani ya hudi za pamba. Bei ikipanda atanidai, na atakuwa na haki.